Kila Masika Mnapanda, Kila Kaskazi Inakufa: Mwongozo Kamili wa Kupanda Mikoko kwa Kusoma Majirani Zake

Picha huwa ni ile ile. Watu sitini wamevaa fulana za rangi moja, tope hadi magotini, kila mmoja ameshika mbegu ndefu ya mkoko kama mshumaa. Mwaka unaofuata ni pale pale, ila fulana zimebadilika rangi. Hakuna anayeuliza ile miche ya mwaka jana iko wapi.

Nimeshakuwa mmoja wa watu hao. Tulipanda mbegu elfu mbili kwenye mchanga mtupu mbele ya kijiji, hotuba zikasomwa, pilau ikaliwa. Baada ya miezi mitano nikarudi na kukuta vijiti vyeusi vimevaa magamba meupe makali, yale yanayoshika chini ya ngalawa. Mzee mmoja alikuwa akitengeneza dema kivulini. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa umewahi kuona mlilana?" Nikasema sijawahi. "Basi kama mlilana haukukaa, huo mkoko wenu ungekaa na nani?"

Mlilana ni mti wa msitu wa mikoko unaoishi mbele kabisa, uso kwa uso na bahari. Mwongozo huu wote ni maelezo ya swali la yule mzee.

## Jina limetuponza

Kiswahili kinaita msitu mzima "mikoko", na kinauita mti mmoja ndani ya msitu huo "mkoko". Mtu akiambiwa "kapande mikoko" anakwenda kuokota mbegu za mkoko, kwa sababu ndizo ndefu, ndizo nyingi, na unazichomeka topeni bila kitalu. Lakini msitu ule ni mtaa wenye wakazi wengi. Kenya huhesabiwa jamii (aina) 9 za miti, Tanzania 10, na kila moja ina mahali pake, majirani inaowavumilia na majirani wanaoishinda.

Ukishika hilo, nusu ya kazi imekwisha. Nusu nyingine ni hatua nane zifuatazo. Tano za mwanzo hazina kupanda hata mche mmoja. Usiziruke.

## Vifaa

- Ratiba ya maji kujaa na kupwa, au mvuvi anayejua kuhesabu mwezi. Wa pili mara nyingi ni bora.
- Kamba ya meta 50, yenye fundo kila meta 10.
- Vigingi 20 vya mti, urefu wa mkono, vimepakwa rangi na kuandikwa namba. Andaa seti mbili za 1 hadi 10.
- Daftari na penseli. Wino hulowana ukafutika.
- Viatu vya kufunga kamba. Ndara hubaki topeni, na chaza hukata nyayo kama wembe.
- Ndoo, magunia, panga, na viriba vya kitalu (utavihitaji baadaye, au hutavihitaji kabisa).
- Kibali. Misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali: Kenya nenda KFS (Huduma za Misitu Kenya), Tanzania Bara nenda TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), Unguja na Pemba nenda idara ya misitu. Hata kupanda kunaombewa ruhusa.

Ukiweza, tafuta pia kipima chumvi cha mkononi. Usipopata, ulimi utasaidia kidogo, kama utakavyoona.

## Hatua ya 1: Wajue wakazi kwa mizizi yao

Majani yatakuchanganya. Anza chini.

Mlilana (Sonneratia alba) una mizizi inayochomoza topeni kama pembe nene, laini kwa ndani. Wavuvi huikata wakaifanya maboya ya nyavu. Huishi mbele kabisa, uso kwa uso na bahari, na mche wake hautaki kivuli.

Mkoko (Rhizophora mucronata) una mikongojo inayoshuka kutoka shinani hadi topeni. Hupenda tope laini linalofunikwa na maji mara kwa mara, na kingo za hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu.

Muia, wengine husema msinzi (Bruguiera gymnorrhiza), una mizizi inayojikunja kama goti la mtu aliyeketi. Mche wake huvumilia kivuli cha wakubwa, ndiyo maana utauona umejipenyeza katikati ya mikoko na mikandaa badala ya kujitenga.

Mkandaa (Ceriops tagal) ni mti mwembamba, shina limepanuka kidogo kwenye kitako, na gome lake ndilo la kutia rangi. Hukaa juu zaidi ya mkoko, na mara nyingi hushika eneo zima peke yake.

Mchu (Avicennia marina) umezungukwa na maelfu ya vijiti vyembamba kama penseli vilivyosimama topeni. Wakati wa kiangazi, chuma jani lake mchana ulilambe. Utaonja chumvi, na ukilielekeza kwenye jua utaona chembe zake ziking'aa. Mchu hunywa maji ya chumvi na kuitema chumvi kupitia majani. Mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi mlangoni, yaani kwenye mizizi. Hizo ni njia mbili za kulipa kodi ile ile, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anaweza kukaa wapi.

Mkomafi (Xylocarpus granatum) una mizizi bapa inayojipinda juu ya tope kama nyoka. Tunda lake, komafi, ni kubwa kama mpira mdogo. Likipasuka mbegu humwagika, na ukijaribu kuzirudisha kama zilivyokaa utachekwa na watoto, kwa sababu zimepangwa kama fumbo.

Nyuma kabisa, karibu na nchi kavu, kuna kikandaa (Lumnitzera racemosa), na penye maji baridi ya kutosha kuna msikundazi (Heritiera littoralis), ambao jani lake kwa chini ni rangi ya fedha na tunda lake lina mkuku kama wa jahazi.

Nimeweka majina ya kitaalamu kwa sababu ya kiutendaji tu: jina la Lamu si lazima liwe la Kilwa, na nimeshaona watu wakigombana kitaluni kumbe wanazungumzia mti mmoja.

*Kwa nini hatua hii:* Usidhani kila mti umegawiwa shamba lake na unakaa pale unapopapenda. Mara nyingi mti hukaa pale unapoweza kuvumilia kuliko wenzake. Mfano mzuri uko Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa. Pale mchu uko sehemu mbili, mbele karibu na bahari na tena nyuma karibu na nchi kavu, huku katikati wameshika mkoko na mkandaa. Wa mbele ni miti mirefu. Wa nyuma, kwenye chumvi kali, mingi ni mifupi kiasi cha kichaka. Ungeuliza mchu unapenda wapi, ungeonyeshwa kule mbele. Kule nyuma upo kwa sababu wengine hawakupaweza.

*Utajua umefaulu:* ukifumbwa macho ukashikishwa mzizi, unataja mti.

## Hatua ya 2: Piga mstari kwenye msitu ulio hai

Usianzie kwenye uwanja mtupu unaotaka kupanda. Tafuta kipande cha msitu kilichosalimika kwenye hori lile lile. Huyo ndiye mwalimu wako.

1. Maji yakipwa, funga kamba kwenye mti wa mwisho upande wa nchi kavu, uivute moja kwa moja kuelekea baharini. Ikiisha, endeleza hadi mti wa mwisho upande wa maji.
2. Kwenye kila fundo, pima mraba wa meta 5 kwa 5.
3. Ndani ya mraba andika: jamii zote zilizopo, idadi ya miti mikubwa ya kila jamii, na miche yake kwa makundi matatu: chini ya sentimita 40, kati ya 40 na 150, na kati ya 150 na meta 3.
4. Andika pia mashimo ya kaa ni mengi au machache, tope ni laini au gumu, na nyasi au mboga ya pwani (mimea minene inayotambaa) kama ipo.
5. Rudia mistari mitatu, iliyoachana angalau meta 50.

Ukurasa mmoja wa daftari langu unasomeka hivi: "Meta 40. Mkandaa 11, mkoko 2, muia 1. Miche ya mkandaa chini ya 40 haihesabiki. Ya kati 6. Ya juu 2. Tope gumu, mashimo mengi."

Hapo ndipo wengi huteleza. Wanaona zulia la miche chini ya mama yake na kusema, "Jamii hii inajizaa vizuri." Zulia si ushahidi. Wengi wa watoto hao wataliwa na kaa, watakosa mwanga, au watabanana wao kwa wao hadi wafe. Tazama kundi la kati na la juu. Wapimaji wa misitu ya mikoko hutumia uwiano wa 6:3:1 kama dalili ya msitu unaojirithi vizuri: kwa kila miche sita midogo, kuwe na mitatu ya kati na mmoja unaokaribia kuwa mti. Ukikuta 6:0:0, kuna kitu kinaua katikati ya njia.

*Onyo:* Miche ya jamii fulani kukosekana chini ya miti yake yenyewe si lazima iwe ugonjwa. Mche wa mlilana hauoti vizuri kwenye kivuli cha mlilana. Utafute pembeni, penye uwazi.

*Utajua umefaulu:* unaweza kuchora ukanda kwenye karatasi, nchi kavu kushoto, bahari kulia, na kuandika nani anakaa na nani kwa kila meta 10. Mpe mtu mwingine karatasi hiyo aingie nayo msituni. Akikubali ulichochora, endelea.

## Hatua ya 3: Bahari ndiyo pima maji yako

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayoachwa zaidi. Kinachowapanga majirani hawa, kabla ya chumvi na kabla ya tope, ni mara ngapi maji yanawafikia. Tofauti ya kimo cha kiganja kimoja inatosha kubadilisha nani ataishi. Fundi mwashi ana pima maji yake ya chupa. Wewe una bahari nzima, na maji yaliyotulia husimama kimo kimoja kwenye msitu hai na kwenye uwanja mtupu.

1. Anza siku ya maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, karibu tarehe 7 au 8 ya mwezi mwandamo. Pwani yetu maji mafu hujaa mchana kwenye saa nne hivi asubuhi.
2. Mtu mmoja asimame msituni, mwingine kwenye uwanja mtupu. Maji yakifika mwisho wa kujaa na kusimama, kila mmoja apige kigingi namba 1 pale ukingo wa maji ulipofika.
3. Kesho yake namba 2, keshokutwa namba 3. Kila siku maji hujaa kama dakika 50 baadaye na hupanda juu zaidi.
4. Endelea hadi bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa na kupwa sana, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi alasiri. Kigingi cha mwisho kitakuwa juu kabisa.

Mwezi mmoja una kujaa kwa maji mara 58 hivi. Chini ya kigingi namba 1 maji hufika karibu kila mara. Kwenye vigingi vya kati hufika mara 20 hadi 45. Karibu na kigingi cha mwisho ni mara chache tu, kisha jua linabaki na tope peke yake, maji yanakauka, chumvi inabaki.

Sasa linganisha. Tuseme uwanja wako mtupu uko kati ya namba 6 na namba 7. Msituni, kati ya namba 6 na 7 wanakaa mkandaa na muia wachache. Basi umejibiwa. Hukuhitaji mtaalamu kutoka mjini.

*Onyo la kwanza:* Uwanja wako ukiwa chini kuliko mlilana wa mwisho upande wa bahari, acha. Mikoko ya jamii zote huishi juu ya usawa wa kati wa bahari. Chini ya hapo mche huzama muda mrefu kuliko unavyoweza kupumua. Mara nyingi mahali pa namna hiyo pana nyasi za baharini, ambazo nazo ni malisho ya samaki kama tafi na makao ya samaki wachanga. Kupanda mkoko juu yake ni kubomoa nyumba ya mtu ili ujenge ambayo haitasimama.

*Onyo la pili:* Usipime siku ya kusi kali au mvua ya mafuriko. Na kama uwanja wako uko nyuma ya tuta au barabara, maji hayatafika kwa wakati mmoja na msituni. Hilo si kosa la kipimo. Hilo ndilo tatizo lenyewe, na tunalifikia sasa hivi.

## Hatua ya 4: Uliza kwa nini hapajaota penyewe

Mikoko huzaa sana, na mbegu zake huelea. Kama uwanja una kimo sahihi, na msitu hai uko jirani, na bado ni mtupu, kuna sababu. Ukipanda bila kuiondoa, unalisha sababu hiyo.

Maji yamezuiwa. Angalia tuta la shamba la chumvi lililoachwa, barabara isiyo na kalvati, bomba lililozikwa. Dalili ni maji yaliyotuama kijani upande mmoja na tope lililopasuka upande mwingine. Dawa ni kufungua njia ya maji. Wakati mwingine vijana sita na majembe wanatosha kukata tuta. Kazi hii ina thamani kuliko miche elfu kumi.

Mchanga umefukia. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi sana hadi hori la Mwache, karibu na Mombasa, na mikoko mingi ikafa imesimama, mizizi ya kupumulia ikiwa imezikwa. Mahali pa namna hiyo kimo kimebadilika. Jamii iliyokuwepo zamani si lazima iwe ndiyo ya kurudisha. Rudi kwenye vigingi.

Jirani mbaya ameshika. Kwenye delta ya Rufiji, mashamba ya mpunga yaliyofyekwa ndani ya mikoko na kuachwa hufunikwa na mtambaa unaoitwa kitaalamu Derris trifoliata, na penye maji baridi hufunikwa na jimbi kubwa la mikokoni, aina ya kangaga. Mbegu ikiangukia humo haigusi tope wala haioni jua. Fyeka kwa viraka kabla ya bamvua linaloleta mbegu.

Mifugo na kuni. Mbuzi na ng'ombe hula majani ya mchu kwa raha. Hapa hakuna ujanja wa kitaalamu, ni kukaa kikao na wenye mifugo. Nendeni kwao, msiwaite ofisini.

Hakuna mama. Msitu wote wa jirani umekatwa na hakuna mti wa kuzaa. Hii ndiyo sababu pekee kati ya hizi ambayo dawa yake ya kwanza ni kupanda.

## Hatua ya 5: Ngoja masika moja

Ukishaondoa sababu, subiri msimu mmoja wa mbegu kudondoka. Najua hili halipendezi mfadhili, kwa kuwa hakuna picha ya mtu anayesubiri. Lakini mche uliojichagulia mahali huwa umeshapita mtihani ambao wako haujaufanya.

Kila bamvua tembea uwanjani ukahesabu. Ukikuta miche mipya ya jamii mbili au zaidi imeshika mizizi, huvuti ukaing'oa kirahisi, usipande. Linda tu. Ukikuta hakuna, au ni ya jamii moja tu wakati msitu hai una nne, nenda hatua ya 6.

## Hatua ya 6: Kuokota mbegu

Kila jamii ina adabu yake.

Mkoko na mkandaa: mbegu ikipevuka, shingo ya manjano hujitokeza pale inapoungana na tunda. Iguse. Ikidondoka yenyewe, ni yako. Ukilazimika kuivuta, iache, bado inanyonya. Kagua kama ina vitundu vidogo vya mviringo, kwa sababu kuna mdudu anayetoboa ndani. Yenye tundu itupe mbali na kitalu.

Muia: huanguka na kofia yake nyekundu. Usiivue kwa nguvu.

Mchu: loweka usiku kucha. Ganda litajivua lenyewe. Bonyeza mbegu juu ya tope la kiriba, usiifukie. Iweke kitaluni hadi ifike sentimita 30 hivi.

Mlilana: okota matunda yaliyoanguka yakalainika, yaloweke siku chache hadi yaoze, osha mbegu ndogo zilizobaki, zisambaze juu ya tope laini la kitalu. Ni kazi ya subira. Wengi hukata tamaa hapa wakarudi kwenye mbegu ndefu za mkoko, na ndivyo tulivyofika tulipo.

Mkomafi: mbegu zipandwe kwenye viriba vikubwa, nusu yake ikiwa juu.

Mbegu za mkoko na mkandaa zihifadhi kivulini, zikiwa na unyevu, kwa wiki moja hivi kabla ya kupanda. Kaa huvutiwa na mbegu mbichi zaidi.

*Onyo:* Usifagie mbegu zote chini ya mti mmoja. Okota kwenye miti mingi, na bakiza nyingi kuliko unazochukua.

## Hatua ya 7: Kupanda kwa ujirani

Panda wakati wa masika, mvua ikiwa imeshaosha chumvi ya juu. Chagua siku za kuelekea maji mafu ikiwa uko sehemu za chini, ili mche upate siku kadhaa za mawimbi madogo. Sehemu za juu ni kinyume chake: panda bamvua likianza, usije ukauacha mche wiki nzima juani.

Mbegu ya mkoko huchomekwa upande wenye ncha, theluthi moja chini, wima. Usicheke. Nimeng'oa mistari mizima iliyopandwa kichwa chini. Nafasi ya meta moja kwa moja inatosha.

Sasa ujirani wenyewe:

Changanya kwa kimo, si kwa rangi ya viriba. Kama vigingi vimesema mkandaa na muia, panda mkandaa kwa wingi na muia kila baada ya hatua chache. Usiingize mlilana kwa sababu tu viriba vyake vilibaki kitaluni.

Mchu utangulie kwenye jangwa la chumvi. Uwanja wa juu, mweupe kwa chumvi, hauna jirani anayeuweza kuanza isipokuwa mchu. Ukishaota na kutoa kivuli, tope chini yake hukauka polepole zaidi, chumvi hupungua makali, na mbegu za mkandaa zinazoelea hunaswa na vile vijiti vyake. Panda mchu kwa viraka vilivyobanana kidogo, sio mstari mmoja mmoja wa mpweke. Kwenye chumvi kali, kukaa karibu karibu ni kusaidiana kwanza. Kugombania nafasi kutakuja miaka ya mbele.

Usipalilie mboga ya pwani. Ile mimea minene inayotambaa, yenye ua dogo la pinki, wapandaji huing'oa wakidhani wanasafisha. Inafunika tope, inapunguza joto, inazuia mbegu zisisombwe. Chomeka mche katikati yake.

Mwenye kuvumilia kivuli aje baadaye. Muia na mkomafi huweza kuingizwa chini ya wenzao mwaka wa pili au wa tatu. Mlilana na mchu hawangoji, ukiwachelewesha wamefunikwa.

Kaa ni jirani wa kuelewana naye. Hula mbegu, ndiyo, hasa chini ya miti mikubwa. Lakini mashimo yake ndiyo yanayopitisha hewa na maji kwenye tope linalonuka yai bovu. Usimwage dawa. Penye kaa wengi mno, tumia miche ya kitalu iliyokwisha toa majani manne badala ya mbegu.

*Utajua umefaulu kwa leo:* baada ya bamvua la kwanza, miche imesimama na haijafukuliwa mguuni. Majani kuinama siku mbili tatu si neno.

## Hatua ya 8: Kuhesabu hadi mwaka wa tatu

Weka miraba mitano ya meta 5 kwa 5 ndani ya shamba lako, uitie alama. Hesabu baada ya mwezi 1, 3, 6, 12, kisha kila mwaka. Miraba ile ile, mtu yule yule ikiwezekana.

Mwezi wa kwanza, vifo vya huku na huku ni kaa na mawimbi. Jaza pengo. Vifo vya mstari mzima kwenye kimo kimoja ni kosa la kimo. Usijaze pengo hapo. Rudi hatua ya 3, tafuta jamii nyingine, au upaache pawe wazi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa kurudishia mkoko pale ambapo mkoko umeshakataa mara tatu.

Miezi 6: angalia mashina. Yakivaa magamba meupe, uko chini mno.

Mwaka: tafuta mashimo mapya ya kaa na majani yanayooza. Tope lisilo na wakazi wengine halijawa msitu.

Na uwe na safu moja ya ziada kwenye daftari, ya miche ya jamii ambazo hukuzipanda. Mkandaa mmoja ulioletwa na maji ukanaswa kwenye vijiti vya mchu wako. Muia wenye kofia bado kichwani, umelala ubavu, mzizi umeshaingia. Usiisogeze ili ifuate mstari wako. Mimi safu hiyo nimeihamishia mwanzo wa ukurasa, na nikifika shambani ndiyo ninayoijaza kwanza.